Usinisaidie

Jambo la kwanza ninalowaambia ni hili:
legeza mkono, usinisaidie.
Kila mtu hutaka kusaidia.
Mwenye haraka husukuma, mwenye hofu hukaza
hata kidole kikawa kama msumari,
na wino ukifura kwenye mistari
huko Nairobi fomu hurudishwa
na mtu hulipa nauli upya kutoka Marafa.

Tangu mahoteli yaanze kudai cheti cha tabia njema
foleni yangu hufika hadi kwa muuza mabuyu.
Hapa Malindi nimeshika mikono yote:
wa dobi, uliolambwa na jiki hadi mistari ikafifia,
wa mpasua samaki, wenye harufu isiyotii ndimu,
wa kijana mlinzi aliyeniuliza kama kovu ni kosa.
Chanda chema huvikwa pete.
Kwangu mimi chema na kiovu huvikwa wino uleule,
na pamba ileile ya mafuta ya taa huvivua.

Jumanne akaingia Bi Haluwa.
Sikumjua kwa uso. Nilimjua kwa namna
alivyosimama akingoja kelele ziishe.
Muyeye, chekechea ya makuti, sisi arobaini na kitu,
na yeye nyuma yangu ameinama,
kiganja chake juu ya kiganja changu,
chaki ikizunguka: a, a tena, a yenye tumbo.
"Legeza mkono, Kitsao. Usinisaidie."

Sasa ana miaka sitini na mmoja,
na kuna watu wa jumba moja la Casuarina
wana watoto wawili wa kutazamwa mchana.
Hawatampa watoto
mpaka serikali iseme mikono yake ni safi.
Sina ugomvi nao. Mtoto ni mtoto,
na wangu simwachi kwa mtu nisiyemjua.
Nimeona majina yakirudi na mambo yasiyosemeka.

Nikaanza. Gumba: taratibu, ukucha hadi ukucha,
kama mgonjwa anavyogeuzwa kitandani.
Cha shahada. Cha kati.
Cha pete, chenye alama ya pete isiyokuwepo.
Tulipofika cha mwisho akaniinamia,
kwa ile sauti ya mwalimu anayeficha jambo
mkaguzi akiwa mlangoni:
"Ile chaki, itaonekana humu?"

Chaki.
Pakiti mbili za shule ya msingi,
ofisi ya mwalimu mkuu, dirisha lisilo na komeo.
Yeye alikuwa akizungumza na bawabu habari za mvua.
Aliyeingia dirishani ni mimi,
miaka sita, shati la kaka yangu.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," ndivyo alivyoniambia
alipokuwa akinipandisha.

"Haionekani, mwalimu."
Hapo ndipo mkono wake ulipolegea.

Kisha akaiona fomu. Nilikuwa nimeandika Halua,
kama ile ya Idi, ya kwenye sahani.
Akanyoosha kidole cha shahada, kingali kibichi,
akaligonga jina: "W yangu iko wapi?"
Na pale katikati ya jina lake
ikabaki alama nyeusi, kila mstari wahesabika,
nzuri kuliko zote nilizochukua mwaka ule,
mahali pasipotakiwa.

Fomu imeharibika. Nikatoa nyingine,
tukaanza upya, gumba kwanza. Haluwa, kwa W.
"Majibu baada ya wiki mbili," nikasema,
macho kwenye pamba.
Akajifuta kidole kimoja kimoja, bila haraka.
"Wiki mbili. Na hao watoto
watakuwa na nani?"

Ile fomu ya kwanza, utaratibu unataka ichanwe.
Nimeichana.
Karibu yote.